Jibu la Shaba

Bwera, Jumapili mchana

Kwako dada yangu Nafula,

Pokea salamu nyingi kutoka huku mpakani mwa Uganda na Kongo. Vipi mguu wa mama, bado unamsumbua akipanda ngazi za kanisa? Na yule ng'ombe mkorofi alizaa? Mimi mwili ni mzima. Barua yako ilinifikia wiki jana, na ombi lako la kumtoa Naliaka huko Bungoma aje asome darasa la saba hapa kwangu nimekaa nalo siku nyingi. Unasema binti yako anauliza maswali mpaka walimu wa huko wamemchoka, na kwamba mjomba wake akiwa ndiye mwalimu atamvumilia. Nilitaka kukupigia simu, lakini hili ni la kuandika. Kaa kidogo nikusimulie.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinikaririsha nikiwa mdogo? "Shaba ya Uganda inatoka wapi?" Nami naruka: "Kilembe!" Nikikosea unanifinya sikio. Basi sasa Kilembe kwenyewe si mbali na ninapolala. Dada, mgodi ule uliacha kutoa shaba mimi na wewe tukiwa bado tunalamba kamasi. Lakini kitabu cha shule yetu bado kinachimba. Ni kimoja kwa watoto sita, kurasa za mwisho zimeliwa na mchwa, na hedimasta hukifungia kabatini kama sukari. Watoto wa maofisa wa forodha wanasoma Kasese mjini, wana vitabu vipya na gari la kuwapeleka. Wetu wananakili ubaoni. Hata nikikosea herufi, wanainakili vile vile.

Mmoja tu ndiye aliyekuwa akiinua macho. Anaitwa Mbambu. Wakonzo, wenyeji wa huku, huwapa watoto majina kwa zamu ya kuzaliwa, kwa hiyo ukisikia Mbambu unajua ni binti wa nne. Dada zake watatu walipita katika shule hii hii, na hakuna aliyefika mtihani wa mwisho. Huyu nilijiapia kwamba atafika. Akinyamaza dakika tano darasani, nilikuwa najua anaumwa.

Muhula uliopita tukawapa mtihani wa majaribio. Shule huwasajili kwa mtihani wa taifa wale tu wanaovuka alama iliyowekwa, ili jina lake lisiharibike. Likaja swali letu la zamani: mgodi wa Kilembe unatoa nini? Mbambu akaandika, "Hautoi kitu. Ulifungwa." Babu yake alikuwa mchimbaji pale. Nami nikatazama karatasi ya majibu niliyopewa, nikamwekea kosa. Sikufikiri hata kidogo. Mkono ulilijua jibu tangu enzi zile za kufinywa sikio.

Akakosa alama moja.

Siku ya kurudisha karatasi akaja mezani. Kikonzo mimi sijui, kwa hiyo huzungumza nami Kiswahili cha huku. "Mwalimu, mi nilifika kule. Nyanya yangu iko anakaa kule. Mashini ilikufa zamani, iko kutu tu. Kosa yangu ni gani?"

Nikaichukua karatasi yake. Nikaenda kwa hedimasta kuiomba ile alama. Hakukasirika, angekasirika ingekuwa afadhali. Alifungua kabati, akatoa kitabu, akaweka kidole kwenye mstari. "Wekesa, nani alikutuma kurekebisha kitabu? Mutoto arudie mwaka." Baba yake Mbambu akasema kurudia hawezi, amesomesha mabinti wanne na hajashika cheti hata kimoja. Nilipokwenda kwao mara ya pili alinikaribisha chai, lakini habari za shule hakutaka kuzisikia.

Ijumaa nilimkuta Mbambu soko la Mpondwe, kichwani dumu la mawese kutoka upande wa Kongo. Nikamsimamisha, nikamwambia lililokuwa limenikaa rohoni: "Jibu lako lilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekosea."

Akanitazama kwa adabu, kama watoto wanavyomtazama mkaguzi wa shule. Kisha akajibu kwa ile sauti ya kuitikia wote pamoja darasani: "Hapana, mwalimu. Kilembe inatoa shaba." Akaniaga, akaenda zake.

Basi Naliaka usimlete. Najua huko nako si nafuu, na sina shule nyingine ya kukuelekeza. Kesho nitasimama ubaoni niandike yale yale, maana nisipoyaandika hawa waliobaki watafeli. Nimechoka, dada. Naona aibu kuitwa mwalimu.

Msalimie mama, shemeji fundi wa baiskeli, na shangazi anayetuombea kila Jumatano. Naliaka mwambie mjomba wake anamkumbuka. Umesema ana mtihani hivi karibuni. Akikuuliza shaba ya Uganda inatoka wapi, sijui nikushauri umjibu nini. Sijui umfinye sikio au umwache.

Ni mimi mdogo wako,
Wekesa