Hoteli Isiyo na Hapana

Dada yangu mpendwa,

Salamu zangu zikukute umekaa kitako, maana ukizisoma umesimama utachoka miguu; leo nina mengi. Natumai wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kwamba goti la Baba limepata nafuu tangu baridi ipungue. Mimi kwa mwili sijambo. Nakula, nalala, sikohoi. Kwa moyo, dada, acha tu. Nimefura kama unga uliotiwa hamira.

Barua yako niliipata. Maneno yako ni machache lakini yote yamenichoma: kwamba yule mpishi niliyewaeleza mbona kimya, kwamba Baba kila jioni anauliza atakuja lini kujitambulisha, na kwamba ulipomuuliza Baba kama atamkubali, akajibu "Tutaona". Hapo nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Baba si tunamjua? Tulipoomba kupelekwa shule ya bweni alisema tutaona, na sanduku likanunuliwa. Shemeji alipokuja kukuposa alisema tutaona, na leo nyumba yako imejaa watoto. Kwa Baba, tutaona ni ndiyo iliyovaa koti. Hilo liweke akilini, kwa sababu ndilo lililoniponza.

Unalalamika kwamba sipigi simu. Nipige nikiwa wapi? Huku shamba mtandao unapatikana nyuma ya jiko tu, penye masikio ya kila mtu, na wewe ukipokea unafungulia sauti mpaka jirani yako anaitikia salamu. Haya ninayotaka kukwambia si ya jirani.

Hoteli unaijua kwa maelezo yangu ya zamani: vyumba vya juu vinatazama bwawa, vya chini vinatazama kamba za kuanikia nguo, na mimi msimamizi wa vyumba ndiye ninayezitazama nguo zenyewe. Kilichobadilika ni meneja. Yule mzee wetu alistaafu, akaletwa mwingine, kijana wa suti, ambaye tumembandika jina Bwana Tabasamu kwa sababu meno yake hayapumziki. Hata akikufokea anatabasamu. Wiki aliyoingia alitukusanya katika ukumbi wa kulia chakula akatuambia kwamba mgeni hakusafiri njia yote ile kuja kusikia maneno mabaya. Kuanzia siku hiyo "hapana", "hakuna" na "haiwezekani" yakawa marufuku. Mgeni akitaka kitu, jibu ni ndiyo. Kikishindikana, jibu ni "tunalishughulikia". Atakayeteleza ulimi atafute pa kwenda.

Mimi, dada! Mimi ambaye mlinipa jina la Kidomo nikiwa sijaota hata meno vizuri! Nikaambiwa nifanye kazi bila hapana. Ni sawa na kumwambia mtu afue bila maji.

Mwanzoni tulifanya mzaha. Baadaye ukawa si mzaha. Mtambo wa maji ya moto uliharibika, wageni wakawa wanaoga huku wanapiga mayowe, na sisi tunaitikia ndiyo, yapo, tunalishughulikia. Wakaja bibi na bwana harusi, wakashtaki kwamba vyura wa bwawani hawawaachi kulala. Binti wa mapokezi, badala ya kuwaambia kwamba chura ni chura, akawaambia linashughulikiwa, kisha akamtuma mtunza bustani akawanyamazishe. Maskini ya Mungu alisimama pale na tochi akiwabembeleza vyura wakae kimya, wakamzidi sauti. Asubuhi bwana harusi alimuuliza kama amewaondoa, akajibu ndiyo. Akaulizwa, basi waliolia mpaka alfajiri ni nani? Akasema wale wa kwanza waliondoka, hao ni wageni wapya, wameingia jana.

Yupo pia mwalimu mmoja mstaafu, mama wa makamo ya Shangazi, amekodi chumba cha pembeni apumzishe kichwa. Aliomba taa ya kusomea. Tukalishughulikia. Akaomba kiti kisichoyumba. Tukalishughulikia. Siku moja natandika kitanda chake akaniambia kwamba amefundisha maisha yake yote na hajawahi kupata darasa ambalo kila mtu anaitikia ndiyo na hakuna anayeleta kazi. Nilitamani kumjibu. Nikameza, nikatabasamu. Mashavu yaliniuma siku nzima.

Na usidhani Bwana Tabasamu aliliweka neno hilo kwa wageni tu. Tulipomwendea sisi wenyewe, tukaomba mabuti ya mvua, alituambia, meno yote nje, kwamba analishughulikia. Tukaelewa. Tangu hapo neno lile likawa letu, na maana yake ikawa moja tu: sahau. Ukimwomba mwenzio akusogezee chumvi naye hataki kuinuka, anakwambia linashughulikiwa. Mtu akiachwa na mchumba tunasema ameshughulikiwa. Neno moja tu, dada, nalo likatosha kwa kila kitu kisichowezekana katika hoteli hii.

Sasa mpishi. Niliwaandikia kwamba ni mtu wa kimya, nanyi mkadhani ana maringo. Hana. Ni mtu mkubwa mwenye sauti ndogo, na anaonja mchuzi akiwa amefumba macho kama anayesikiliza habari za mbali. Kila akikata mkate ananiwekea kile kipande cha mwisho chenye ganda gumu, anakifunika na kisahani, hasemi kitu. Nami nakila, sisemi kitu. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu kwa muda mrefu, na nakwambia nilishiba.

Basi siku moja msaidizi wangu aliumwa, na shuka za vitanda vikubwa hazikunjwi na mtu mmoja. Mpishi akafuta mikono akaja kunisaidia kwenye chumba cha kufulia. Shuka unashika pembe mbili, mwenzio pembe mbili, mnavuta, mnakutana katikati, mnarudi nyuma, mnakutana tena. Kila tulipokutana akadondosha kipande cha neno. Mara ya kwanza akasema ana jambo. Tukarudi nyuma. Tulipokutana tena akauliza kama kwetu ni mbali. Tukarudi nyuma. Shuka lilipokuwa limebaki dogo kama taulo, pua yake ikiwa hapa na yangu hapa, akaniuliza kama nitakubali aje kwetu ajitambulishe kwa Baba.

Dada, moyo wangu ulisema ndiyo kabla hajamaliza. Lakini palepale Bwana Tabasamu alikatiza mlangoni, kengele ya wageni inalia, mimi nimeshtuka, na nilichotaka kusema ni kile cha Baba: tutaona. Yaani ndiyo, ila nipe nafasi nivute pumzi. Kinywa kikatoa kile kilichozoea. Nikamwambia: "Tunalishughulikia."

Ndiyo, umesoma sawasawa. Mtu ananiposa, mimi namjibu kama anayedai maji ya moto. Tena "tuna"! Tunalishughulikia mimi na nani?

Aliweka shuka juu ya rundo taratibu, akanishukuru, akarudi jikoni. Nami, hebu niseme nini, sikujua nilichofanya! Nilibaki nikiimba. Nilikuwa najipanga nikuandikie mwandae nyumba.

Kesho yake kipande cha mkate hakikuwepo. Nikadhani panya. Siku iliyofuata tena hakuna, na nilipomsalimu akaitikia akitazama sufuria. Nikaona, hee, huyu naye ameanza maringo aliyosema dada. Nikamnunia. Akaninunia. Tukanuniana wiki nzima, mpaka mtunza bustani, ambaye hawezi kukaa na neno tumboni, akaniuliza kwa nini nilimkataa mwenzangu kikatili vile. Nikamuuliza nimemkataa lini. Akasema, si ulimkataa kihoteli? Kila mtu anajua. Tena ameshaandika barua ya kuacha kazi; Jumamosi anaondoka, amepata kazi kwenye jiko la hoteli nyingine.

Nilikaa juu ya ndoo, dada. Ndoo yenyewe ilikuwa na maji.

Ungeniambia nikamweleze tu. Nilikwenda! Nilisimama kwenye kidirisha cha kupokelea sahani nikamwambia kwamba jibu langu ni ndiyo. Akaniuliza ndiyo ya nini. Nikasema ndiyo ya lile uliloniuliza. Akatikisa kichwa, akaniambia kwa sauti yake ile ndogo kwamba nisijisumbue kumliwaza, kwani ndiyo hiyohiyo alinisikia asubuhi nikimwambia mgeni kwamba bwawa lina joto. Alikuwa na haki. Ndiyo yangu ilikuwa imetumika mpaka ikachakaa. Nikajaribu tena kesho yake, akaingia binti wa mapokezi na sahani. Nikajaribu tena, likaja kundi zima la wageni wa mkutano, wakamaliza shuka zote na muda wangu wote. Nilikuwa nalia kabatini penye mito, halafu natoka nje natabasamu. Hasira niliyokuwa nayo, kama ingekuwa kuni, maji ya hoteli yote yangechemka.

Jumamosi ikafika. Chakula cha mchana, ukumbi umejaa. Bwana Tabasamu, kwa kupenda sifa, akamwita mpishi atoke jikoni wageni wamuage. Akatoka na begi lake begani na kofia mkononi, amesimama kama mtoto aliyeitwa mbele ya shule. Tukapangwa mstari ukutani, mimi nikiwa na trei ya vijiko. Meneja akahutubia kwamba hoteli hii ni familia, na familia haimzuii mtu, kisha akatugeukia, meno yote yanang'aa, akauliza kwa sauti ya sherehe: tunamruhusu aende, si ndiyo?

Wote wakaitikia ndiyo, kama tulivyofunzwa.

Mimi nikasema: "Hapana."

Sikupanga, dada, naapa. Lilitoka lenyewe. Bwana Tabasamu akawaambia wageni kwamba huyu dada ni mcheshi wetu, akauliza tena polepole, kama anayenipa nafasi ya kutubu. Nikasema hapana, haendi, hakuna, haiwezekani. Maneno yote matatu ya marufuku kwa pumzi moja. Yule mwalimu mstaafu akaweka uma wake chini akasema kwa sauti kwamba hatimaye kuna mtu amejibu swali katika jengo hili.

Mpishi akanitazama. Wageni wote wanasikiliza, bibi harusi ameshika kijiko hewani, mpishi akaniuliza kama hapana hiyo ni ya kihoteli au vipi. Nikamwambia hoteli hii haina hapana, hiyo ni ya kwetu, nimekuja nayo kutoka nyumbani. Kisha akashusha begi lile begani akaliweka sakafuni. Akarudi jikoni. Nikasikia anakata mkate.

Sasa ndipo nikutobolee lile nililokuwa nazunguka nalo tangu mwanzo wa barua hii: naja nyumbani, na siji likizo. Baada ya wageni kula, Bwana Tabasamu aliniita ofisini. Kwa mara ya kwanza niliiona midomo yake imefungwa. Aliniuliza kama nitarudia tena kusema neno lile. Nikamjibu: "Hapana." Akanikodolea macho muda mrefu, hajui kama nimeomba radhi au nimemtukana, na ukweli hata mimi sikujua. Mwisho akapata tena tabasamu lake, akaniambia niende tu, suala la kazi yangu wanalishughulikia.

Nikaenda nikafunga mizigo.

Naandika haya juu ya sanduku lenyewe. Moyo bado unanichemka, usidhani nimepoa. Nimeipenda kazi ile, dada. Nimezikunja shuka zile mpaka vidole vimezijua, na nimeondolewa kwa neno ambalo kila mtoto analijua kabla ya kutembea. Nikifika usinipe pole ya haraka. Niache ninune kwanza, kisha nile.

Lakini andaeni vitanda viwili, katika vyumba viwili. Mpishi tunakuja naye. Jiko la huko alikopata linamngoja mwezi ujao, na amesema wanatafuta pia mtu wa vyumba. Nimemwuliza kama huko wanaruhusu hapana, akasema hilo ndilo la kwanza aliloliuliza.

Sasa nakuomba jambo moja, nakuomba sana, na kama utayasahau mengine yote hili usilisahau. Mpishi atakapokaa mbele ya Baba na kueleza kilichomleta, Baba atakohoa, atakuna lile goti lake, atafungua kinywa aseme kile anachosema siku zote. Kaa karibu naye, dada. Mkanyage mguu, ule mzima. Mtu huyu ameshughulikiwa mara moja na mimi. Akisikia "tutaona" atabeba begi lake bila kuaga, na mimi sijui nitamkimbilia na neno gani tena.

Nisalimie shemeji, watoto, na hata yule jirani anayesikiliza simu. Mwambie Baba naja.

Mdogo wako akupendaye,

Kidomo