Kipindi cha Biblia, Jumatano Mchana

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako. Kwanza nataka habari za kifua chako: kikohozi kimekuachia, au bado kinakukatiza katikati ya mahubiri? Na goti la wifi je? Mimi mzima, ila koo limekauka kwa vumbi la chaki.

Uliniuliza kuhusu kipindi cha Biblia hapa shuleni. Shule ni ya serikali, kwa hiyo mwalimu mkuu alisema tujaribu wiki tatu, kila Jumatano mchana, kisha walimu tupige kura. Kipindi akanikabidhi mimi, binti wa mchungaji na dada wa mchungaji, akisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Tulicheka sana.

Nilianza na Yakobo aliyelala njiani, jiwe likiwa mto wake, akaota ngazi inayofika mbinguni. Sijui nikueleze vipi, kaka. Jua lilikuwa limetandaa juu ya madawati, mapazia yanapumua polepole, na watoto arobaini wametulia kama maji mtungini. Nilihisi naelea. Sauti iliyonitoka kinywani ilikuwa ya marehemu baba.

Ila kabla sijaanza, binti wa fundi cherehani aliomba kutoka. Alisema kwa adabu kwamba kwao wanasali vingine, na baba yake amemkataza kukaa. Wiki ya pili hakuomba tena. Alibeba daftari akaenda kukaa barazani, chini ya dirisha. Niliona utosi wake tu, umeegemea ukuta, hautikisiki. Nikajikuta napaza sauti ili asikie. Nikaona aibu, nikaipunguza. Nikaona aibu tena.

Kufikia wiki ya tatu wenzake walishampa jina: Wa Nje. Walimwita hivyo kwenye hesabu, walimwita hivyo kwenye mpira. Nilipomuuliza kama linamuudhi, alijibu kwamba ameshazoea. Mtoto wa miaka kumi na miwili, kaka, ameshazoea.

Tulipiga kura Ijumaa. Waliotaka kipindi kiendelee walikuwa sita, wasiotaka saba. Biblia imewekwa maktaba, anayeitaka aazime. Jumatano mchana sasa nafundisha ufupisho. Darasa zima linasinzia, na yule binti anapiga miayo ndani pamoja na wenzake.

Sasa ngoja nimeze mate. Moja ya zile kura saba ni yangu. Wala si hiyo tu. Ile barua isiyo na jina ya kupinga kipindi, iliyotoka gazetini siku chache kabla ya kura, uliyoisoma mimbarani ukasema mwandishi wake hajawahi kulionja Neno, niliiandika mimi. Wifi aliponisimulia kwa simu, niliitikia tu kwamba watu wengine wana mambo. Tangu hapo usingizi hauniingii vizuri. Nimelionja, kaka. Tulilionja meza moja, mimi nawe, na utamu wake haujanitoka. Ndiyo maana sikuweza kuona mtoto anakaa nje kwa ajili yake.

Nisalimie wifi, na uwaambie watoto shangazi yao atakuja likizo. Ukinikasirikia, nikasirikie kwa mkono wako mwenyewe, kwa karatasi na kalamu, nisije nikayasikia kwa wifi.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Kitindamimba