Milipuko Isiyo na Sauti

Kwa dada yangu Laetitia, nyota yetu ya Ubeljiji,

Mie niko muzima. Kule Omate, kwenye machimbo, wachimbaji wananiita Profesa, kwa sababu niliwaeleza kazi yako: nyota inakufa mbali, inalipuka, mwangaza wake wa gamma unafika kwenye mashine, na ndani kuko mavumbi yako ya nano, madogo kupita unga wa muhogo, yanaukamata. Walikubali bila kuniuliza diplome.

Ila kwa Mama niliharibu. Nilipofika hapa nyumbani Kalembe juzi, nilimwambia tu, "Laetitia anachunguza milipuko." Akaanza kulia, akataka urudi nyumbani mbele ya Noeli.

"Iko nyuma ya mulima gani?" akaniuliza.

Unajua njo namna tunapima sauti ya masasi kwetu: mulima wa mbali, tunaendelea kupika; mulima wa karibu, tunafunga mizigo.

Nikamujibu, "Mama, iko nyuma ya milima yote ya dunia. Sauti haifiki kamwe. Mwangaza tu njo unafika."

Akaendelea kukaza kamba kwenye godoro, maana asubuhi ile bombe ilianguka kwenye shamba letu la maharagi.

"Kumbe kuko milipuko isiyo na sauti," akasema. "Basi umuandikie abaki kule kule."

Njo maana naandika, dada. Mama nitamupeleka Walikale, mbali na masasi, hata kwa mugongo. Wewe usirudi, hata mimi mwenyewe nikikuandikia kesho kwamba nimekukumbuka sana.

Kaka yako anayekupenda kupita kipimo,
Bienvenu