Rohayu Ditahan

Tumpat, Kelantan
3 Machi 1983

Mwanangu Rohayu,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Sisi wazima, mvua zimekatika, na goti langu limeacha kunisumbua. Wewe hata sijui nikuulizeje hali, maana aliye mikononi mwa polisi hali yake inajulikana.

Telegramu ya mumeo imefika jana: "Rohayu ditahan. Msiwe na wasiwasi." Mwanangu, ushikwe na polisi, uwe ditahan, halafu tusiwe na wasiwasi? Umefanya nini na mimba kubwa hivyo? Umeiba? Umepiga mtu? Aliyetusomea ni Ramli wa dukani, tena kwa sauti, mbele ya wanywa kahawa. Kufika adhuhuri kijiji kizima kinajua binti yangu yuko ndani.

Mama yako hakulia. Alifunga wali kwenye jani la mgomba, akachukua chupa ya budu, ule mchuzi wake wa dagaa waliovundikwa, akapanda treni. Nilitaka twende wote, akaniuliza bata watalishwa na nani. Nikamwambia basi afikie kwenu. Unajua alivyoapa siku ya harusi yenu, Sabri alipoziba pua mbele ya budu yake. Akanijibu, "Nitalala mahabusu na mwanangu. Kwa Sabri sikanyagi ng'o."

Nimempigia mumeo telegramu akampokee stesheni. Naomba Mungu wasitoane macho. Na wewe nieleze kosa lako, hata kama ni la aibu. Mwanangu ni mwanangu tu.

Baba yako,
Awang Kechik


Kluang, Johor
9 Machi 1983

Baba yangu mpenzi,

Naamini barua hii inakukuta mzima, na bata pia. Mimi sijambo, na mjukuu wako wa kike hajambo. Ndiyo, Baba, umekuwa babu. Kaa chini kwanza.

Sijaiba wala sijapiga mtu. Miguu ilivimba, presha ikapanda, daktari akanikataza kurudi nyumbani. Sasa huku mjini daktari akikulaza, wanasema umekuwa ditahan wodini. Sisi huko kwetu mtu "anaingia hospitali" tu, ditahan tumewaachia polisi. Sabri kaandika kama wanavyosema kwao, na neno wodini kalisahau kwa kihoro.

Mama naye alishuka behewa la nyuma, Sabri yuko mbele anamsubiri. Hakumwona mtu, akauliza njia ya polisi. Akaweka wali mezani kwa sajenti: "Nimekuja kumwona mwanangu. Hata kama kaua, atakula kwanza."

Sajenti akamwambia, "Mama, humu ndani nina wawili tu, mlevi na mwizi wa kuku. Mwanao yupi?"

"Mbona huyo wa kuku kakonda hivyo? Mpe wali."

Wakambembeleza, wakamkalisha kwenye benchi nyuma ya mlango wamtafutie habari. Hajakaa sana, Sabri akaingia mbio, jasho linamtiririka. "Afande, mama yangu kapotea."

"Yukoje?"

"Mfupi, ana chupa ya budu. Akikasirika utamsikia kabla hujamwona."

"Mama yako mzazi?"

Sabri akaanza kulia, Baba, mbele ya askari wote. Unajua mama yake alifariki yeye hata meno hajaota. Akasema, "Ni mama yangu, afande. Sina mwingine."

Sauti ikatoka nyuma ya mlango: "Ufupi nakubali. Anayepiga kelele nani?"

Sajenti akawaleta hospitali kwa gari la polisi, wodi nzima ikasimama kutazama. Mtoto alizaliwa alfajiri ya pili yake. Sabri kamwadhinia.

Lakini usifurahi haraka. Mama yuko kwetu, ila anasema amekuja kwa uzazi wangu tu, arubaini ikipita anaondoka, na kiapo kiko palepale. Kwa Sabri, Mama ana maneno mawili tu: "lete kuni." Mimi kanifungia chumbani kwa mila za uzazi, jiwe la moto tumboni, maji baridi marufuku, dirishani sichungulii. Hospitali nilikuwa na uhuru zaidi. Roho inaniuma kwa ajili ya Sabri. Kila asubuhi anampigia hodi mama, anasema, "Mama umeamkaje," hajibiwi.

Mwanao,
Rohayu


Tumpat
20 Aprili 1983

Rohayu mwanangu,

Habari za mtoto, habari za mama yako, habari za huyo kijana? Mimi mzima, ila nimechoka kula wali ninaoupika mwenyewe. Ramli nimemwambia ukweli mbele ya wanywa kahawa walewale, na sasa kila mwenye mafua anasema yuko ditahan.

Arubaini imepita. Mrudishe mke wangu. Na usinifiche: bado hajamjibu?

Baba yako,
Awang Kechik


Kluang
27 Aprili 1983

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, mtoto ameanza kucheka.

Hakumjibu, Baba. Hata jana asubuhi hakumjibu. Tukamsindikiza stesheni, mimi na mtoto nyuma, Sabri mbele na mizigo, nikijua akiondoka hivi basi tena. Akapanda, akakaa dirishani. Sabri akampitishia begi, akasema, "Mama, safari njema. Nisamehe nilipokukosea."

Mama akalipokea begi, kisha akaushika mkono wa Sabri, na hakuuachia. Firimbi ikapigwa. Mkaguzi akaja: "Mama, mwachie, treni inaondoka."

"Na iondoke," akasema. Akashuka, kilemba kimekwenda upande, akamkabidhi Sabri lile begi.

"Mwanangu, nimeamkaje? Nimeamka vibaya, nilidhani leo naondoka. Turudi nyumbani."

Nilisimama pale nalia na mtoto mkononi, na furaha yangu, Baba, sijui niiandikeje. Mke wako harudi leo wala kesho. Bata mwachie Ramli, upande treni.

Mwanao,
Rohayu