Mbuzi wa Baba Akiru

Jumanne, Kakuma

Na ile njia mpya ya kufundisha hesabu ilikuwa imefaulu, hiyo ndiyo inaniuma. Muhula mzima wa kuimba namba ubaoni, mwanafunzi wangu Akiru alifuata wenzake kwa mdomo tu. Tulipoanza kuhesabu vitu vya nyumbani, kama tulivyofunzwa sisi walimu kwenye semina, mtoto akafunguka. Akahesabu mawe, vibuyu, kuku wa jirani. Juzi akahesabu mbuzi wa baba yake.

Kwetu mbuzi hawahesabiwi. Mwenyewe anawajua kwa rangi na majina. Kuwahesabu ni kuita kifo. Jana wakaanza kufa.

Leo baba yake alisimama mlangoni mwa darasa.

"Ejok, mwalimu."

"Ejok, Baba Akiru. Karibu ndani."

"Sikai. Wale wa semina ni wageni. Lakini wewe, binti wa hapa?"

Nikamwambia ni ukame, wanakufa kila boma.

"Wangu walikuwa wazima mpaka walipohesabiwa."

Anamtoa Akiru shuleni, anampeleka kijijini Nakalale akachunge na nyanya yake. Ee Bwana, mlinde huko, maana mimi nimeshindwa hata kumbishia baba yake.

Wakiondoka, Akiru aligeuka, akanyoosha kidole, akaanza kuwahesabu wenzake darasani. Baba yake akaushika ule mkono polepole, akaushusha.