Ulisema Ni Mgongo

Soweto, Mbeya
Jumapili jioni

Kaka Ezekia,

Kamwene. Usijisumbue kuitikia. Kuitikia hukuwa hodari hata ulipokuwa hai.

Nimerudi leo mchana kutoka Kilolo, na nyonga inaniwaka kwa sababu ya barabara ile uliyokuwa ukiisifu. Jana tumekujengea kaburi. Mkeo alitaka marumaru nyeupe, basi umewekewa marumaru nyeupe juu hadi chini, unang'aa kama bafu la gesti mpya. Msalabani wameandika jina lako lote, na chini yake "Pumzika kwa amani". Amani unayo. Shughuli nimeachiwa mimi.

Nakuandikia kwa sababu keshokutwa natakiwa kumpa daktari jibu. Saratani ya tezi dume niliyo nayo imeamka tena, iko kwenye mifupa, na lazima niseme kama naendelea na matibabu mengine au naacha. Mtu wa kumuuliza ulikuwa wewe. Uliipata kabla yangu. Ila wewe ulisema ni mgongo.

Mgongo!

Miaka mitatu iliyopita, nilipokwenda hospitali mara ya kwanza kwa sababu mkojo umekuwa wa kubembelezwa, daktari aliniuliza, "Baba, kuna ndugu wa damu aliyewahi kuugua tezi dume?" Ni binti mdogo kuliko mwanangu Neema, ana miwani mikubwa na sauti ndogo. Nikamjibu kifua mbele: "Hakuna. Baba aliangukiwa na mti wa mbao. Kaka yangu alikufa kwa mgongo." Akanitazama. "Baba, mgongo hauui mtu hivyo." Nilikasirika, kaka. Niliona mtoto wa shule anakukosea adabu. Nilikutetea! Nilimwambia wewe ulikuwa mzee wa kanisa na husemi uongo.

Kisha nikaja Kilolo kumweleza shemeji habari zangu. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Nilipotaja jina la ugonjwa alijifunika uso kwa khanga. "Ndiyo hiyo hiyo, shemeji. Aliniapisha kwa Biblia." Mwanamke aliyekuzalia watoto, akakuogesha ulipokuwa huwezi kugeuka kitandani, ulimwapisha kwa Biblia asiseme kiungo gani kinamuua mumewe. Uzee wa kanisa ndio ulikufundisha hayo?

Nilipanda gari nikarudi Mbeya, na njia nzima nilikuwa nakumbuka ulanzi, pombe yetu ya mianzi.

Unakumbuka masika yale tulipokaa kilabuni, mvua inagonga mabati, kila mtu na kikombe chake? Ulikuwa hukai. Unakunywa funda mbili, unatoka. Unarudi, hujakaa sawasawa, unatoka tena. Wakakucheka: "Mzee Ezekia anamwagilia mianzi ili kesho igemwe tena!" Ukacheka pamoja nao. "Ulanzi ndio ulivyo," ukasema, "ukiingia unataka kutoka." Nami nikacheka, kwa kuwa ni kweli, ulanzi ndio ulivyo, mtu yeyote wa Iringa anajua. Lakini nilikuja tena Agosti, mianzi imekauka, hakuna ulanzi kilabu chochote, na bado nilikusikia usiku ukifungua mlango wa nyuma. Nikakuuliza asubuhi. Ukasema ni baridi.

Masika ulanzi, kiangazi baridi. Ulikuwa na jibu la kila msimu.

Mimi sikusoma, unajua. Nilianza Igawa kwa kubeba magunia ya watu, leo mashine mbili za kukoboa ni zangu. Ukiniletea mpunga gunia mia nakwambia mchele utakaopata kabla sijawasha injini. Mtu wa hesabu nikipewa takwimu za uongo, siwezi kutoa jibu la kweli. Kipimo changu cha damu cha kwanza kilisoma mia mbili na kumi na mbili. Mtu mzima wa umri wangu anategemewa kuwa chini ya tano hivi. Ungeniambia, ningepima nikiwa na hamsini, pengine ingali ndani ya tezi, pengine wakaing'oa ikaisha. Hiyo "pengine" uliichukua wewe ukaenda nayo kaburini, ukawekewa na marumaru juu yake.

Na godoro! Nilikutafutia godoro gumu la mgongo, nikalifunga juu ya gari la mchele kutoka Mbeya hadi kwako, turubai mbili lisilowe. Nikakuletea na mkanda wa kufunga kiunoni. Ukaufunga mbele yangu. Ukajinyoosha. "Aisee mdogo wangu, naona unafuu." Unafuu wa nini, kaka? Mwenzio nikarudi nyumbani nikijisifu kwa mke wangu kwamba nimekuponya.

Shemeji amenieleza na mengine. Kwamba walikushauri ukatwe korodani, kwa kuwa homoni ya kiume ndiyo chakula cha ule ugonjwa, na ukiunyima chakula unalala. Kwamba ulivaa koti lako, ukatoka wodini bila kuaga, ukamwambia njiani, "Bora nife, lakini nizikwe mwanaume mzima." Basi ukazikwa mzima. Nilibeba jeneza lako mimi, upande wa kichwani. Huo uzima wako wote haukujaza hata debe.

Mimi nilikatwa. Sikuitisha kikao. Niliingia asubuhi, nikatoka, nikapumzika, nikarudi mashineni Igawa. Siri haikai kwenye kelele za mashine. Jofrey, fundi wangu, aliponiona nainua gunia alisema mbele ya wateja, "Jamani, mnaonaje maksai! Si ndiye anayelima?" Wasangu wenye ng'ombe walicheka mpaka wakashika nguzo. Nikacheka. Jofrey hakufukuzwa, kwa sababu alisema kweli: maksai ndiye anayelima, na wewe fahali umelala Kilolo chini ya marumaru.

Nilipata na joto la ghafla. Juni ya Mbeya, watu wamevaa makoti mawili, mimi natupa blanketi. Mke wangu alinipepea kwa kifuniko cha sufuria, akasema, "Karibu, mume wangu. Sasa tumelingana." Ndiyo maisha uliyoyakimbia. Kupepewa na mkeo.

Kipimo kikashuka hadi sifuri nukta nane. Miaka miwili na nusu nililala usingizi. Kisha kikapanda: mbili, tano, kumi na moja, ishirini na tatu. Daktari alitaka kunieleza kwa upole nikamwambia, "Mama, usihangaike, nimeona. Inajizidisha." Akasema ndiyo, ugonjwa umejifunza kuishi bila kile chakula tulichounyima. Akanieleza njia zilizobaki. Kuna vidonge vya kila siku, ambavyo kwa bei yake ningeuza mashine moja kisha nyingine. Kuna dripu ya saratani, kila baada ya wiki tatu, inaweza kuninyoa nywele, kunitapisha na kunichosha. Kuna mionzi ya kupooza maumivu ya nyonga, hiyo niifuate Dar es Salaam. Au nibaki na dawa za maumivu tu, nikae nyumbani. Nilimuuliza kama dripu itaniponya. "Hapana, baba. Inaweza kukupa muda, na kupunguza maumivu. Muda gani, siwezi kukudanganya." Nilimheshimu. Ndiye mtu wa kwanza katika jambo hili zima kusema hajui anapokuwa hajui.

Wengine wote wanajua. Binamu yetu anajua ni kijicho cha mashine. Jirani yangu hapa Soweto anajua nabii anayenyunyiza maji. Pale Igawa, barabarani, kuna bwana ana spika juu ya baiskeli na madumu ya dawa ya kahawia. Dumu hilo hilo linatibu kisukari, pumu, tezi na kukosa mchumba. Nilimuuliza, "Nikinywa nikapona tezi, na mchumba nitapewa?" Akasema ni kiasi cha imani. Shemeji akaniambia wewe ulikunywa madumu yake mpaka vyombo vikamjaa jikoni. Anawekea mafuta ya taa sasa.

Sasa nikwambie ukweli wa moyo wangu kabla ya jana. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimeamua kumwambia daktari basi. Nilikuwa najidanganya kuwa ni hesabu: nguvu nitakayotoa, muda nitakaopata, hailipi. Lakini nilipokuwa naiweka hiyo hesabu nilikuwa nasikia sauti yako. Jibu la kila msimu.

Jana ndipo ikaja zamu ya wasifu wa marehemu. Kwa kuwa mimi ndiye niliyebaki kati ya watoto wa tumbo la mama, wakanipa mimi nisome. Karatasi ile ile iliyosomwa siku ya mazishi, tena wameinakili vizuri. Alizaliwa, alibatizwa, alioa, alitumikia usharika. Ukungu umetanda, watu wamejikunyata, mchungaji anapiga miguu chini. Nikafika penye kuugua. "Marehemu alisumbuliwa na mgongo kwa muda mfupi."

Kaka, nilikutazama ulipolala. Nikasema, "Hapa pana makosa. Ezekia alikufa kwa saratani ya tezi dume, na aliugua muda mrefu. Mimi nilizaliwa baada yake na mimi ninayo. Tumaini, Baraka, nyinyi ni damu yake. Mkapime." Kisha nikaendelea: ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu.

Shemeji alikaa chini kwenye majani, pale pale. Mzee mmoja wa ukoo akanijia baadaye na fimbo yake: "Umemvua nguo marehemu mbele ya wakwe." Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Marehemu hana baridi." Hakuitika. Chakula nilikula peke yangu, kuku wa kienyeji mzima, na nilimmaliza.

Leo asubuhi nilikuwa naingia kwenye gari Tumaini akaja. Mwanao mkubwa, ana arobaini na sita sasa, ana kitambi chako na mwendo wako wa kupiga mabega. Alishika mlango. Aliangalia matairi, akaangalia mashamba. "Baba mdogo, mimi usiku naamka. Naamka mpaka mama watoto ameanza kununa."

Nilimuuliza, "Ulanzi?"

"Ulanzi umekwisha tangu Mei, Baba mdogo."

Hapo, kaka, nilikudharau kuliko siku zote. Kwa sababu alisubiri mpaka nimeingia kwenye gari, mlango nusu umefungwa, ndipo akasema. Ulimrithisha na hilo. Na nilikusikitikia pia, siwezi kuficha, maana nilijua wewe hukuwa na mlango wa kushika. Hakuna aliyesimama kaburini kwa mtu yeyote akakwambia inaitwaje.

Nikamwambia inaweza kuwa tezi imevimba tu, wengi ni hivyo, wala si saratani. Lakini hatukisii. Nikamwambia apande. Akasema hana nguo. Nikamwambia hospitali hawapimi nguo. Shemeji ndiye aliyemletea sweta lake, akampa dirishani, kisha akarudi ndani akatoka tena yeye na Baraka, wamebeba lile godoro. Akalifunga juu ya gari mwenyewe. Baraka amesema atakuja wiki ijayo akimaliza kuvuna viazi, na mama yake amesema, "Utakuja," kwa sauti ambayo sijaisikia tangu umwapishe.

Kwa hiyo jibu limepatikana, na si mimi niliyelipiga hesabu. Jumanne tunakwenda wawili. Tumaini atatolewa damu, mimi nitamwambia daktari naanza dripu. Siwezi kumshika mkono mtoto wako hadi mlangoni halafu mimi nikavaa koti nikaondoka. Ataniona nikitapika, ataniona kichwa kimebaki kama yai, na ataona kwamba mtu hafi kwa aibu. Ikishindikana, basi nitasema imeshindikana, kwa sauti, na nitaomba dawa za maumivu. Nitafanya yote mdomo ukiwa wazi.

Amelala chumba cha pili sasa. Nimesikia mlango wa nyuma ukifunguliwa. Nimemwachia taa.

Haya, kaka, nakuaga. Ahadi yangu ni hii: siku yangu ikifika, atakayesoma wasifu ni Tumaini. Nimeshamwambia gari likiwa linashuka milima ya Kilolo, alipokuwa hana pa kukimbilia: ataje ugonjwa kwa jina lake lote, tezi na saratani na kukatwa, na wakwe wakiwepo asogee mbele ili wasikie. Kisha nitakuja huko uliko, tutakaa, na ukianza kuniambia habari za mgongo nitahama.

Godoro nimelitandika. Ni gumu kama kichwa chako. Nalilalia hivyo hivyo.

Mdogo wako,
Lameki