Hujaniuliza Naelekea Wapi

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na wanangu wote wa hapo. Goti linaendeleaje? Tulipoagana baada ya mazishi ulikuwa unachechemea, nami sikuwa na akili ya kukuuliza. Mimi afya ninayo, usingizi tu ndio umenisusa. Juzi nilifungua cherehani, nikashona pindo la shuka moja, nikaifunika tena.

Binamu ameniambia kwamba wiki ijayo unakwenda hospitali kumshtaki yule daktari kwa kumrudisha marehemu mwanangu nyumbani akiwa bado mgonjwa. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Nakuomba usome mpaka mwisho ndipo unikasirikie.

Unajua mwanangu hakuitwa Profesa bure. Figo zilipomgomea alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, na vitabu hakuviacha. Akiwa kwenye mashine ya kusafisha damu macho yalimchoka upesi, basi nikawa namsomea fizikia. Mimi, dada, nisiyejua hata fizikia inaliwa na nini! Nilisoma kama kasuku, naye akacheka mpaka nesi akaja kutuchungulia.

Siku moja tukafika kwenye skala na vekta. Nikamwambia hapo nimegota. Akanieleza taratibu kwamba skala ni kiasi peke yake: joto, muda, umbali. Vekta ni kiasi pamoja na uelekeo. Ukisema mtu amesukumwa, kujua nguvu tu hakutoshi, useme na amesukumiwa upande gani. Nikasema basi ni kama kitambaa: mita mbili ni mita mbili, lakini ukikikata mshazari, gauni litaning'inia vingine kabisa. Akafikiri, akasema mfano wangu una viraka ila unasitiri.

Tangu hapo ikawa mchezo wetu. Tulikuwa tukitoka alfajiri kwenda hospitali na kurudi jioni, naye akishuka garini hoi alikuwa akiniambia kwamba umbali tumeutembea mrefu, lakini uhamisho wetu ni sifuri, maana tumerudi pale pale. Nilicheka. Sikujua kwamba yeye hakuwa anatania tena.

Kisha moyo ukaanza kushindwa. Daktari alituita, akasema bila kutuficha kwamba mashine sasa inamchosha kuliko inavyomfaa. Akasema pia kwamba tukitaka kuendelea, ataendelea nasi. Mimi nilishika hilo la mwisho tu. Kila asubuhi nikawa namuuliza: joto lako ngapi, presha ngapi, kilo zimepungua ngapi?

Akanishika mkono. "Mama, hizo zote ni skala," akasema. "Kila siku unaniuliza ngapi. Hujaniuliza naelekea wapi."

Nikamwambia aache fizikia, apumzike. Akatikisa kichwa.

"Niulize, Mama."

Sikuweza, dada. Akajijibu mwenyewe kwamba anaelekea kufa, na kwamba anataka kufia chumbani kwake, si kwenye kile kiti chenye mipira na sindano.

Sasa ndilo hili nililowaficha wote. Hospitali haikumrudisha mtoto. Tuliomba wenyewe. Daktari alizungumza naye peke yake, kisha na mimi, akatuambia tukibadili nia hata usiku turudi. Nikatia saini. Kwa kuogopa kuambiwa nimemkatia mwanangu tamaa, nikawaambia tumefukuzwa. Uongo ule ulikuwa mwepesi kuusema, nanyi mkaupokea.

Alikaa nyumbani siku chache, bila sindano hata moja. Alikula vipande vya papai, akaniomba nimsomee kurasa zilizobaki. Aliondoka mchana, kichwa chake mapajani mwangu, mimi nikiendelea kusoma. Nilisoma aya nzima kabla sijajua.

Yule daktari alikuja kuzika, unakumbuka. Uliposimama mbele ya watu ukamwita muuaji, aliinamisha kichwa, akanitazama mara moja, akanyamaza. Neno moja tu lingemtoa kwenye aibu ile. Alininyamazia mimi, nami nikamwacha atukanwe.

Usiende hospitali, dada. Njoo kwangu. Lolote ulilomwandalia yeye, niambie mimi, nitalisikiliza mpaka liishe.

Nibusie wadogo, na shemeji mwambie ile suruali yake iko tayari.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Profesa